Mlango wa Kabati Refu

Kuna watu wakiona picha za Kitinda wanainua mkono waufungue mlango wa kabati. Si utani. Mteja mmoja, mtu mzima na heshima zake, aligusa kioo cha kompyuta kwa kidole akitafuta kishikio cha droo, kisha akajifanya anapangusa vumbi. Kitinda alicheka kimoyomoyo, maana hiyo ndiyo kazi yake: kuchora kabati ambalo halipo mpaka mtu aone lipo. Karakana nzima inaishi kwa picha hizo. Fundi mkuu, jamaa mwembamba mwenye maneno makali ambaye kila mtu anamwita Msumari, anaweza kuranda mbao ukajitazama humo, lakini mpe kalamu achore kabati, utadhani amechora jeneza. Zamani wateja walikuwa wakiona michoro yake wanasema watarudi, na hawarudi. Siku hizi wanakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya Kitinda, wanaliona jiko lao lote, mpaka bawaba, halafu wanasema haya, kateni mbao.

Jina la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ni kitinda mimba, mtoto wa mwisho, na limemng'ang'ania hadi kazini. Hajaolewa, hana haraka, na ukimuuliza habari hizo atakuuliza wewe umemaliza kulipanga kabati lako la nguo.

Sasa kinachozifanya picha zake zionekane kweli si mbao wala marumaru. Ni mwanga. Wachoraji wengine wanabandika taa za kompyuta tu, balbu hapa, jua la bandia pale, na picha inatoka safi kama tangazo la dawa ya meno, haimdanganyi hata mtoto. Kitinda hana upuuzi huo. Yeye anatumia picha ya duara. Unaweka kamera maalumu katikati ya chumba cha kweli, juu ya stendi ya miguu mitatu, inazunguka yenyewe, inapiga na kusogea, inapiga na kusogea, mpaka imekizoa chumba chote, dari, dirisha na sakafu. Kompyuta inaichukua picha hiyo na kulifunika nayo jiko lako la kubuni, kama mtu anayejifunika shuka gubigubi. Shuka lenyewe mteja halioni. Anachoona ni mwanga tu unaotoka humo, mwanga wa dirisha la kweli la asubuhi ya kweli.

Sharti ni moja: kamera ikizunguka, usiwemo chumbani. Ukiwemo, na wewe unaingia kwenye shuka.

Picha ya duara anayoitumia Kitinda ni ile ile tangu aanze kazi. Aliipiga jikoni kwa mama yake, siku alipokuwa anaijaribu kamera. Alimwomba mama akae nje kidogo, yeye akajificha ukumbini nyuma ya mlango, kamera ikafanya kazi yake. Mwanga wa dirisha lile haukuwahi kumwangusha. Ameangazia nao majiko ya watu asiowajua, kabati za nguo, kabati za dawa, hata kabati la viatu vya mwalimu mmoja mstaafu. Picha yenyewe hakuwahi kuifungua akaitazama. Ya nini? Mtu anayewasha taa haendi kuichungulia balbu.

Mama aliugua ghafla asubuhi moja, majirani wakamkimbiza hospitali, na huko hakurudi. Yaliyofuata ndiyo yaliyowatoa watoto jasho. Baba alifunga mlango wa jiko, akaweka stuli mbele yake, na tangu hapo hakukanyaga humo. Hakulia mbele ya watu. Mzee alikuwa dereva wa malori makubwa enzi zake, mtu wa mizaha mizito na kicheko cha kutingisha vikombe. Sasa alikuwa anaishi kwa mkate mkavu na chai ya kununua, kikombe anakisuuza bafuni, na suruali zake zikaanza kukaa kiunoni kwa kudra ya mkanda. Ukimuuliza kwa nini haingii jikoni, anakuuliza kwani huko kuna nini. Ukimwambia basi twende, anasema ana usingizi.

Dada yake Kitinda, wa kwanza kuzaliwa na wa kwanza kusema, akakata shauri. Baba atahamia kwake, ghorofa ya juu, chumba kipo, na nyumba itafungwa. Baba aliposikia alisema neno moja tu, kwamba watamtoa pale amelazwa jenezani, wala hakulisema kwa hasira. Kitinda alilisikia akaliamini, kwa sababu alimjua baba yake. Kule ghorofani, kwenye kochi la dada, kati ya vitambaa vya kufumwa na wajukuu wa kukatazwa kelele, mzee asingemaliza mwaka.

"Nipe mwezi huu," alimwambia dada kwenye simu. "Tulibomoe jiko, tuweke jipya. Akiona si lile, ataingia."

"Na asipoingia?"

"Asipoingia mchukue. Sitakupinga."

Dada akawaza, kisha kama kawaida yake akachukua usukani. Basi liwe jeupe, alisema, jeupe la kung'aa, maana jiko lile lilikuwa na giza kama stoo ya makaa. Na Kitinda amchoree baba picha, aikubali mwenyewe kwa mdomo wake, asije kusema wamemvunjia nyumba.

Nyeupe ya kung'aa. Kitinda alikuwa hajawahi kuipata. Wateja wa Msumari ni watu wa mbao, wa rangi iliyopoa, isiyorudisha sura ya mtu. Aliona tu ni kazi ngeni ya kupendeza. Akachora siku nzima: kabati za chini na droo zake, kabati za juu, na pembeni, mkabala na jiko la gesi, kabati moja refu kutoka sakafuni hadi darini, la vyombo na vyakula. Mwanga, wala hakuwaza mara mbili, aliweka ule ule. Kama kuna jiko lililostahili mwanga wa dirisha lile, ni hili. Akaiambia kompyuta ipike.

Wachoraji wenyewe wanasema hivyo, kupika picha. Kompyuta inaanza na ukungu wa vidoa, kama mchanga uliomwagwa, halafu vidoa vinatulia kidogo kidogo, hapa ukingo wa meza, pale bomba la sinki. Nje msumeno ulikuwa unalia, Msumari anamfokea mtu kuhusu gundi, jua la mchana limejaa kwenye mlango wa karakana. Kitinda alikuwa anakunywa soda. Vidoa vikatulia kwenye kabati refu, na ndani ya mlango wake mweupe akaona mtu amesimama.

Hakupiga kelele. Aliweka chupa chini, akaikosa meza, soda ikamwagikia miguu, na hakuangalia chini. Mtu yule alikuwa mwanamke, kitambaa kichwani, mwiko mkononi, bega moja limegeuka kama aliyeitwa. Alikuwa yupo nusu. Ungeweza kuona vigae vya ukuta kupitia kifua chake. Kadiri vidoa vilivyotulia ndivyo alivyokaa sawa, mpaka Kitinda akaona lile bega lililoshuka upande mmoja kwa kubeba ndoo tangu utoto.

Alijua mara moja kilichotokea, na kujua hakukumsaidia kitu. Siku ile mama hakukaa nje. Sufuria lilikuwa motoni, na mama hakuwa mtu wa kuachia sufuria lake kamera. Aliingia kwa mlango wa uani kamera ikiwa katikati ya mzunguko, akakoroga, akatoka, na kwa kuwa kamera ilipiga mara nyingi, katika baadhi ya vipande yupo na katika vingine hayupo. Ndiyo maana amebaki nusu. Na miaka yote hiyo alikuwa amesimama hapo, kwenye majiko ya watu, kwenye kabati la viatu la yule mwalimu, anageuka, na hakuna aliyemwona kwa sababu hakuna kilichong'aa cha kumrudisha.

"Huyo nani?" Msumari alikuwa nyuma yake, penseli sikioni.

"Ni mwanga tu uliokosea."

Msumari akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama soda sakafuni. Akaenda mwenyewe kuchukua kitambaa, akapangusa sakafu, akarudi kwenye gundi yake.

Kitinda akatengeneza picha ya pili. Alitoa mwanga wa mama, akaweka wa kununua, wa chumba fulani cha watu asiowajua. Mlango ukawa mweupe, mtupu. Lakini jiko likafa. Lilikuwa zuri na limekufa, kama uso wa mtu anayekusikiliza huku anawaza mengine. Hata hivyo aliamua ndiyo hiyo atakayompelekea baba. Ile ya kwanza alitaka kuifuta. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, kikagoma. Nani atamfuta mama yake kwa kidole? Akaiacha.

Siku ya kuonyesha, dada alikuja na sanduku. Hakulificha. Aliliweka ukumbini na kuanza kukunja mashati ya baba, akisema anapanga tu, kupanga si kosa. Baba alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, amenyoa, amevaa koti, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kitinda akaweka kompyuta mapajani mwa mzee, akafungua picha tupu.

Baba alitazama kwa adabu. Alisifia bomba. Aliuliza kama hizo droo zinajifunga zenyewe, akaambiwa ndiyo, akasema mambo ya siku hizi. Kisha akaisukuma kompyuta taratibu.

"Ni zuri, mwanangu. La mtu mwingine."

"Litakuwa lako, baba. Ukishazoea."

"Sina mambo ya kuzoea sasa hivi." Akageuza kichwa ukumbini. "Mwambie dada yako asisahau miwani yangu ya kusomea."

Ukumbini zipu ya sanduku ililia, ndefu, mpaka mwisho. Na hapo Kitinda alifanya jambo ambalo alikuwa ameapa hatalifanya. Akafungua picha ya kwanza.

Alimwekea tu mapajani. Baba alianza kutazama kwa adabu ile ile, akapita droo, akapita bomba, akafika kwenye kabati refu, akakoma. Aliinamisha uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kioo. Ukumbini dada aliuliza kama kuna soksi nyingine.

"Mlango huu," baba alisema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kitinda. "Utakuwa hivi hivi?"

Angeweza kusema kweli. Nafasi ilikuwepo, pana, na mzee alikuwa anamtazama usoni.

"Hivi hivi, baba."

"Basi jengeni."

Dada akaingia na soksi mkononi, akasikia, akaketi juu ya mkono wa kochi. Alimkumbatia Kitinda akamwambia wewe mtoto una kipaji. Kitinda alikumbatiwa amesimama kama mlingoti.

Wakajenga. Msumari alikuja mwenyewe na vijana wake, wakang'oa makabati ya zamani yaliyovimba kwa mvuke wa miaka, wakayatoa kwa mlango wa uani. Baba alikaa sebuleni muda wote huo, redio imezimwa. Kila nyundo ilipopiga, Kitinda aliomba moyoni itokee hitilafu, mbao zikose, rangi ichelewe, lolote. Halikutokea. Msumari alikuwa ameamua kuonyesha ufundi wake wote, na mlango wa kabati refu aliupiga msasa na rangi na msasa tena, mpaka ukawa kama maziwa yaliyoganda. Alipomaliza alisimama mbele yake kidogo, akarudi nyuma, akakusanya zana bila kudai sifa. Kwa Msumari hilo si jambo dogo.

Baba aliondoa stuli. Aliingia akiwa amevaa viatu, kofia mkononi. Kitinda alibaki ukumbini, pale pale alipojificha siku ya kamera, na hakuthubutu kuchungulia. Alisubiri sauti, kilio au tusi au chochote. Alichosikia ni miguu ya stuli ikiburutwa sakafuni, na mzee akikaa.

Tangu siku hiyo dada alikuwa anapiga simu akifurahi. Baba anaingia jikoni! Anakula humo! Sanduku alilirudisha kwake tupu. Kitinda ndiye aliyeona anachokula. Baba alikuwa anakaa kwenye stuli, mgongo kwa jiko la gesi, uso kwa kabati refu, tangu jua linapogusa dirisha mpaka linapohama. Mkate wake ule ule mkavu, chai ile ile ya kununua. Kabati lile hakulifungua hata mara moja. Vyombo ambavyo Kitinda alikuwa amevipanga humo vilikaa humo, na mzee aliendelea kukisuuza kikombe chake kimoja. Aliogopa kuugusa mlango. Aliogopa, Kitinda aliona, asije akauyumbisha, mama akapotea. Alikuwa amekonda kuliko wakati ule wa sebuleni, na anatabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimkosesha Kitinda raha kazini, njiani, kila mahali. Alikuwa amemtoa baba yake kwenye sanduku la dada na kumfungia ndani ya mlango.

Asubuhi moja alishindwa. Hakwenda karakana. Alimkuta mzee kwenye stuli yake, akainjika chai ili mikono ipate kazi, akazungumza akiwa amempa mgongo.

"Baba, ile picha. Mama alikuwemo kwa bahati mbaya. Kamera ilimkuta. Kwenye mlango wa kweli hawezi kuwemo, na nilijua. Nilikudanganya usichukuliwe."

Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasikia kipande cha kile kicheko cha zamani, kidogo, kimechakaa.

"Kwani wewe ulidhani mimi ni mwehu? Nilijua siku ile ile. Uso wako ulikuwa umeandikwa uongo kwa herufi kubwa."

"Sasa unakaa hapa unangoja nini?"

Baba alipapasa magoti yake.

"Mimi nilitoka kununua mkate," alisema. "Nilimwacha hapo uliposimama, anakoroga. Sikumuaga, nani anaaga akienda dukani? Nikarudi jiko linawaka, sufuria ni la moto, mtu hayupo. Walikuwa wameshambeba. Hospitali nikaonyeshwa mtu aliyefunikwa. Mimi sikumwona akitoka, Kitinda. Nilitoka yupo, nikarudi hayupo. Kila nikifika mlango ule, kichwani mwangu bado yupo anakoroga, na mimi ndiye niliyechelewa na mkate." Akanyosha kidole kwenye mlango mweupe. "Nikimwona anatoka, nadhani nitaelewa. Ndiyo nangoja."

Kitinda alitaka kugeuka amshike. Baba akasema, "Usigeuke." Alilisema kwa upole.

"Baki hapo hapo. Chukua mwiko."

Akachukua mwiko. Nyuma yake, kwenye mlango wa kabati alioukodolea mzee, alijua kulikuwa na mwanamke mweupe mweupe asiye na sura, anakoroga.

"Kitambaa chako cha kichwa kikunje nyuma, kama chake. Haya. Shusha bega."

Hakumwambia lipi. Bega lilijishusha lenyewe, na Kitinda alisikia vinyweleo vinamsimama toka kiunoni hadi utosini, kwa sababu halikuwa bega lake. Aliendelea kukoroga. Chai ilianza kupanda na kushuka. Nyuma yake baba alikuwa anapumua kama mtu anayebeba mzigo ngazini.

"Sasa toka," mzee alisema. "Kwa mlango wa uani. Taratibu. Usiseme kitu."

Akaweka mwiko. Akatembea, na hakuharakisha, ingawa mwili mzima ulitaka kukimbia. Hatua za kutoka jikoni hadi uani ni chache, lakini alizihisi kama anatoka ndani ya maji. Hakutazama kabati. Alifungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake, akasimama juani akishika ukuta. Ndani, baba alilia. Alilia kwa sauti, bila aibu, kama watu wanavyolia siku ya msiba yenyewe, na Kitinda aliuma kiganja chake asiingie.

Kilio kikachoka. Kisha bawaba za Msumari, ambazo hazikuwahi kufanya kazi tangu zifungwe, zikafanya kazi. Mlango wa kabati refu ulifunguka. Kikombe kilitolewa, kingine kikatolewa, vikawekwa mezani. Sufuria likaepuliwa.

"Sukari umeweka wapi?" baba aliuliza kutoka ndani.

Hakutaja jina. Kitinda alisimama na kitambaa kichwani kimekunjwa kama cha mama, mkono ukutani, na kwa muda hakujua ni nani kati yake na mama anayeulizwa. Kisha akajibu hivyo hivyo, kwamba iko droo ya juu, kushoto.